Chifu Aliyeshindana na Nyerere: Katika Njia ya Patrick Kunambi, Milimani Uluguru

Kabla Julius Nyerere hajaitwa Waziri Mkuu, na kabla hajaitwa Rais, alikuwa mjumbe wa kuchaguliwa wa Jimbo la Mashariki katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Jimbo lenyewe lilikuwa kubwa. Lilianzia Mafia na delta ya Rufiji, likapita Kisarawe na Bagamoyo, likapanda Morogoro na Kilosa, likaishia Ulanga. Uchaguzi ulifanyika Septemba 1958, na Nyerere hakupita bila kupingwa. Mbele yake alisimama mtu wa Uluguru, mgombea binafsi asiye na chama nyuma yake, Chifu Patrick Kunambi. Kura zilipohesabiwa, Nyerere alikuwa na takriban 2,600 na Kunambi takriban 800.

Vitabu vingi vinamwacha Kunambi hapo hapo, katika sentensi moja ya mtu aliyeshindwa. Lakini jina hilo hilo lipo katika orodha nyingine inayoheshimiwa zaidi katika historia ya nchi hii, ile ya watu 17 walioasisi TANU Dar es Salaam, Julai 1954. Patrick Kunambi yumo, pamoja na Abdulwahid Sykes, Ally Sykes, Dossa Aziz, John Rupia, Tewa Said Tewa, Kirilo Japhet, Saadani Abdu Kandoro na wenzao, na Nyerere mwenyewe. Kwa hiyo aliyesimama kumpinga rais wa TANU mwaka 1958 alikuwa mmoja wa waasisi wa chama hicho hicho, na ilikuwa imepita miaka minne tu.

Tumezoea kuisimulia miaka ya hamsini kana kwamba kulikuwa na kambi mbili, moja ya wapigania uhuru na nyingine ya vibaraka, na machifu tukawatupa katika kambi ya pili kwa mkupuo. Kunambi haingii vizuri katika kambi yoyote kati ya hizo. Ndiyo maana niliamua kuifuata njia yake pale ilikotengenezwa, kuanzia mjini Morogoro hadi Kinole, Matombo na Mgeta, nione ni siasa gani ya mlimani iliyomlea mwanasiasa wa namna hiyo, na ni siasa gani iliyomwangusha.

Mji wa Morogoro haukuanzishwa na Waluguru. Uliasisiwa na Kisabengo, kiongozi aliyekuja na watu wake kutoka Uzigua katika karne ya 19, akajenga boma lenye ukuta wa mawe chini ya mlima, kwenye njia ya misafara ya kwenda Ujiji na Tabora. Stanley alipita hapo mwaka 1871 akiwa safarini kumtafuta Livingstone, akaukuta mji chini ya binti wa Kisabengo, Simbamwene, na akastaajabia ngome yake. Waluguru walikuwa juu. Walikuwa wakishuka kuuza chakula na kupanda tena, na kwa muda mrefu biashara yao na watu wa bondeni ilikuwa ya namna hiyo. Hadi leo, ukisimama sokoni asubuhi na kuinua macho, utaona vichwa vya wanawake walioshuka na ndizi na mboga, na nyuma yao Lupanga na Bondwa zikiwa zimejifunika ukungu. Mlima na mji vinatazamana hivyo tangu zamani.

Huko juu hapakuwa na mfalme wa Waluguru wote. Ardhi ilikuwa mali ya ukoo, yaani lukolo, na ndani ya ukoo kulikuwa na matumbo, na kila tumbo lilikuwa na mndewa wake aliyegawa mashamba na kutunza makaburi ya wakubwa. Urithi ulipita upande wa mama, mpwa akarithi jina na mamlaka ya mjomba wake. Baadhi ya majina hayo yalikuwa na nguvu kuliko mengine. La Kingalu wa Kinole lilikuwa mashuhuri kuliko yote kwa sababu mwenye jina hilo alitegemewa kuleta mvua, na watu wa mbali walimpelekea zawadi wakati wa kiangazi. Lakini kuombwa mvua ni jambo moja na kutawala ni jingine. Kingalu hakuwa na karani, hakuwa na tarishi wala mahabusu.

Waingereza ndio waliovileta vitu hivyo. Donald Cameron alipofika kuwa Gavana mwaka 1925 alikuja na mfumo wa kutawala kupitia machifu, na sheria ya mwaka 1926 ikazipa Serikali za Wenyeji hazina, mahakama na amri ndogondogo. Mfumo huo ulihitaji chifu kila mahali. Pale ambapo hakuwepo, alitafutwa. Uluguru walitafutwa watu wenye majina makubwa, Kingalu akiwa mmoja wao, wakapewa cheo cha usultani, na baadaye mlima mzima ukawekwa chini ya Sultani mmoja, Sabu bin Sabu. Mtafiti wa Kiholanzi Peter Pels, aliyeandika sana juu ya Uluguru wa wakati wa ukoloni, ameonyesha jinsi maofisa walivyokuwa wakiandika ripoti za mila ambazo mila zenyewe hazikuzijua. Naongeza langu: Waluguru hawakuukataa usultani papo hapo. Waliutumia ulipowafaa na kuukwepa ulipowabana, na wandewa wakaendelea kugawa mashamba kama kawaida.

Njia ya kwenda Kinole inaiacha barabara ya Dar es Salaam pale Bigwa, inapita Kiroka hadi Mkuyuni, kisha inachepuka na kuanza kupanda. Upande huu wa mashariki unapata mvua ya bahari. Migomba imebanana na mafenesi, na chini yake kuna pilipili manga inayopanda kwenye vigogo, mdalasini na karafuu. Bodaboda zinashuka zikiwa na mikungu minne au mitano nyuma ya dereva, zikiwa zimezimwa injini ili kuokoa mafuta, na unaisikia breki kabla hujaiona pikipiki. Kila mteremko umelimwa. Hakuna mahali pa kutua mguu pasipo na mwenyewe, na ukiuliza ni pa nani utatajiwa ukoo.

Hilo ndilo jambo ambalo wataalamu wa kikoloni waliliona na wakaogopa. Mito inayoanzia Uluguru inaungana kuwa Ruvu, na Ruvu ndiyo maji ya Dar es Salaam na ya mashamba ya mkonge yaliyokuwa bondeni. Wajerumani walikwisha kuufungia msitu wa juu kuwa hifadhi mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa hiyo watu walipoongezeka walibanwa kati ya msitu wa serikali juu na wenye mkonge chini. Udongo ukawa unashuka na maji. Mwisho wa miaka ya arobaini serikali ikaja na Mpango wa Matumizi ya Ardhi wa Uluguru. Kila mlipa kodi alitakiwa kuchimba katika shamba lake matuta mapana ya ngazi, yaliyokatwa ndani ya mlima kama rafu. Kuchoma majani shambani kukapigwa marufuku. Bwana shamba alipima, jumbe akahesabu, na asiyechimba akapelekwa barazani kutozwa faini. Baraza lilikuwa la Sultani.

Mpango ulikuwa na hoja. Mmomonyoko ulikuwepo, na hata leo upo. Lakini tuta pana la ngazi linahitaji udongo wa kina, na udongo wa Uluguru katika miteremko mingi ni mwembamba. Ukikata rafu humo, unaufukia udongo mweusi wa juu na kuuweka wazi ule mwekundu wa chini usioota kitu. Mkulima anachimba kwa nguvu zake mwenyewe, bila malipo, halafu anapanda mahindi yanayotoka yakiwa ya manjano. Kisha kuna jambo ambalo ripoti ziliona ni dogo. Shamba la ukoo likikatwa matuta ya kudumu kwa amri ya serikali, linakuwa shamba la nani? Watu waliokwisha kunyang'anywa msitu hawakuhitaji kuwa na wasiwasi wa kupindukia kuuliza swali hilo.

Jibu lilikuja Matombo, Julai 1955. Matombo ni mahali pa misheni ya zamani ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyofunguliwa mwaka 1897, na palikuwa kitovu cha mambo mengi ya upande ule. Umati ulikusanyika kuyakataa matuta mbele ya maofisa na mbele ya watu wa Sultani. Mawe yakarushwa, polisi wakaitwa, risasi zikapigwa na mtu mmoja akafa. Muda mfupi baadaye kulazimishwa kuchimba kulikomeshwa. Serikali haikusema imeshindwa, lakini mabwana shamba waliacha kupima.

Nilikaa pale Matombo mchana mmoja nikiitazama misheni na miteremko iliyoizunguka, nikajaribu kulipanga upya swali ambalo limenisumbua kwa muda. Katika ghasia zile, mhafidhina alikuwa nani? Waliorusha mawe walikuwa wakitetea kilimo cha mababu, ardhi ya ukoo na neno la mndewa. Waliokuwa upande wa pili walikuwa wakihubiri sayansi ya udongo, maendeleo na nidhamu ya mpango. Kwa kipimo cha kawaida, wakulima ndio waliokuwa wahafidhina, na usultani, taasisi tunayoiita ya jadi, ndio uliokuwa ukivunja jadi. Na TANU, chama cha vijana, makarani na walimu, kilichotaka taifa la kisasa lisilo na ukabila, ndicho kilichoikusanya hasira ya wakulima hao. Haikuwa Uluguru peke yake. Upare walikwisha kugoma dhidi ya kodi ya mbiru katika miaka ya arobaini, Usambara na Usukuma walizikataa sheria za kilimo, na Kirilo Japhet alikwisha kwenda Umoja wa Mataifa kulalamikia ardhi ya Wameru. Kila mahali chama kiliota kwenye malalamiko ya shamba.

Sabu alitoka katika tukio lile akiwa amechafuka. Mtu aliyesoma, mwenye jina jipya na asiye na lawama za matuta, alikuwa na thamani kubwa kwa wote: kwa serikali iliyotaka utawala wa wenyeji wenye sura ya kisasa, na kwa Waluguru waliotaka mtu wa kuwasemea kwa wakubwa. Kunambi aliifaa nafasi hiyo ya uchifu. Roland Young, mwanasayansi wa siasa kutoka Marekani, na Henry Fosbrooke, aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali, walikuja Morogoro baada ya ghasia kuchunguza kilichotokea, na kitabu chao cha mwaka 1960 kinaueleza mlima uliokuwa ukitafuta uongozi kati ya wazee wa koo, watawala wa kuteuliwa na watu wa chama. Hatari ya nafasi ile ilikuwa wazi tangu mwanzo. Chifu wa wakati ule alilipwa mshahara na hazina ya Serikali ya Wenyeji na cheo chake kilikuwa mkononi mwa Gavana, na serikali ilikwisha kuwakataza watumishi wake wasijiunge na siasa. Mwasisi wa TANU aliyekubali uchifu alikuwa ameingia upande ambao chama kiliuandama kila siku.

Sasa turudi kwenye 1958, kwa sababu uchaguzi ule haukuwa kama chaguzi tunazozijua. Serikali iliweka masharti ya kura tatu. Kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na asiyejaza nafasi zote tatu kura yake iliharibika. Na si kila mtu aliyeruhusiwa kupiga kura. Ilitakiwa uwe na miaka 21, na juu ya hapo uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya miaka minane, au uwe umeshika wadhifa fulani wa kiserikali. Katika nchi ya watu karibu milioni tisa, walioandikishwa hawakufika 60,000.

Ndani ya TANU wengi waliuona mfumo huo kuwa tusi. Mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ulikaribia kukigawa chama, na Nyerere alitumia uwezo wake wote wa maneno kuwashawishi wajumbe wakubali kushiriki. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akatoka na kuanzisha chama chake, ANC. Nyerere mwenyewe alikuwa amejiuzulu kiti cha kuteuliwa katika Baraza Desemba 1957, baada ya miezi michache tu, akiona serikali haimsikilizi. Kwa hiyo kama angeshindwa Jimbo la Mashariki, angekuwa amekipeleka chama katika uchaguzi wenye masharti ya kikoloni na kubaki nje yeye mwenyewe. Ndiyo sababu siwezi kukubali usemi kwamba ushindani wa Kunambi ulikuwa jambo dogo. Miongoni mwa watu walioweza kumwangusha Nyerere kwa kura mwaka ule, huyu alikuwa na nafasi kuliko wengi.

Na ukiangalia daftari la wapiga kura kwa makini, utaona lilimfaa yeye. Mkulima wa Kinole aliyegomea matuta hakuwa na pauni 150 wala darasa la nane, kwa hiyo hakupiga kura. Waliopiga ni walimu wa misheni, makarani, watu wa mabaraza, wafanyabiashara, Waasia wenye maduka na Wazungu wa mashamba ya mkonge. Wote hao, kwa masharti ya kura tatu, walikuwa na sauti katika kumchagua Mwafrika. Chifu msomi, mtulivu, asiye na kesi mahakamani, alikuwa mgombea wa kupendeza kwa watu wa namna hiyo. Mpinzani wake alikuwa ametoka tu mahakamani. Tarehe 11 Agosti 1958, wiki chache kabla ya kura, Nyerere alitiwa hatiani Dar es Salaam kwa kuwakashifu wakuu wa wilaya katika gazeti la Sauti ya TANU, akahukumiwa faini ya pauni 150 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa.

Pamoja na hayo yote, Kunambi alipata chini ya robo ya kura. Hilo ndilo jambo zito katika habari hii, na linapitwa haraka mno. Aliangushwa na wasomi, makarani na walimu, watu wa daraja lake mwenyewe. Wale ambao serikali ya kikoloni ilidhani watakuwa boma la uhafidhina ndio waliovuka. Wakulima walikuwa wameshasema yao Matombo miaka mitatu kabla, bila karatasi ya kura, na nadhani walimu na makarani, ambao mama zao na wajomba zao walikuwa miongoni mwa waliotozwa faini barazani, walipiga kura kwa niaba yao pia.

Kulikuwa na sababu nyingine ya wazi kabisa. Kunambi alikuwa chifu wa Waluguru katika jimbo la Wazaramo, Wandengereko, Wakwere, Wakutu, Wasagara, Wapogoro na wengine wengi. Uchifu uliompa jina Morogoro haukuwa na maana yoyote Utete wala Mafia. TANU ilikuwa na tawi na katibu huko, na ilikuwa na akina mama waliokwenda nyumba kwa nyumba. Mgombea binafsi alikuwa na jina lake tu. Mfumo wa machifu uliwafungia viongozi ndani ya kabila, kisha uchaguzi ukawataka watoke nje ya kabila. Hakuna chifu aliyeweza kuvuka mtaro huo akiwa peke yake.

Waliovuka walivuka na chama. Mfano mkubwa ni Adam Sapi Mkwawa, chifu wa Wahehe na mjukuu wa Mkwawa. Machifu wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria walikuwa Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali, mwaka 1945, na Adam Sapi akafuata miaka miwili baadaye. Mwaka 1954 ndiye aliyepokea Kalenga, kutoka kwa Gavana Twining, fuvu linaloaminiwa kuwa la babu yake. Alikuwa mtu wa jadi kuliko Kunambi kwa kila kipimo. Ila yeye aliona mapema upepo unaelekea wapi, akakaa upande wa TANU, na mwaka 1962 akawa Spika wa Bunge. Alikikalia kiti hicho hadi 1973, akakirudia 1975, akakaa nacho hadi 1994. Aliongoza Bunge la Jamhuri changa, Bunge la chama kimoja, na alikuwa bado kitini sheria ya vyama vingi ilipopita mwaka 1992. Kama unatafuta mhafidhina aliyekaa bungeni kwa muda mrefu kuliko karibu wote katika nchi hii, ni yeye. Na mwaka 1963, Bunge lilipopitisha sheria ya kufuta uchifu Tanganyika, Spika alikuwa chifu.

Sisemi hivyo kumkebehi Adam Sapi. Utulivu wake ulilisaidia Bunge katika miaka ambayo mabunge mengi ya Afrika yalikuwa yakivunjwa na wanajeshi. Ninachosema ni kwamba nafasi ya mtu wa jadi katika siasa mpya ilikuwepo, ila ilikuwa ndani ya chama. Mwaka 1960 TANU ilichukua viti 70 kati ya 71, vingi bila kupingwa. Kiti kimoja kilichoiponyoka kilikuwa Mbulu, ambako Herman Sarwatt alisimama peke yake akamshinda mgombea rasmi wa chama, na mgombea huyo rasmi alikuwa chifu, Amri Dodo. Wapiga kura wa Mbulu walimkataa chifu hata alipopewa nembo ya TANU. Kuanzia 1965 mashindano yakahamia ndani ya chama kimoja, kwa alama za jembe na nyumba, na wagombea binafsi wa aina ya Kunambi wakakosa mlango.

Nilimalizia upande wa magharibi, Mgeta. Kuanzia Mlali barabara inapanda kwa kona kali, hewa inapoa na ndizi zinakwisha, na mashamba ya kabichi, karoti na njegere yanaanza. Pale juu ya Langali nilisimama kumwangalia mama mmoja akilima mteremko ambao mimi nisingeweza kuupanda bila kushika majani. Alikuwa amefyeka magugu na kuyalaza kwa mstari ulionyooka kukata mteremko. Kisha, akiwa amekanyaga chini ya mstari, alivuta udongo wa juu kwa jembe la mkono ukayafukia yale magugu, akaushindilia kwa ubapa wa jembe. Mstari ukawa kingazi kifupi cha upana wa unyayo, na chini yake kikaanza kingine. Magugu yanaoza humo ndani na kuwa mbolea, na msimu ujao vingazi vinavunjwa na kupangwa upya, kwa hiyo udongo mwekundu wa chini haujitokezi kamwe. Kazi hiyo haikufundishwa na bwana shamba wa miaka ya hamsini. Ni ya Waluguru wenyewe, na ndiyo iliyobaki baada ya matuta makubwa ya serikali kuachwa yabomoke.

Kwa hiyo uhafidhina wa Uluguru ulikuwa huu, na ulikuwa na akili yake. Ulihifadhi udongo kwa njia inayoendana na udongo, ukahifadhi ardhi mikononi mwa ukoo, na ukahifadhi jina la Kingalu hata baada ya Bunge kufuta vyeo. Kinole bado kuna Kingalu, na anayelishika jina hilo katika miaka hii huitwa wa 15. Machifu wenyewe wamerudi hadharani. Septemba 2021, huko Kisesa mkoani Mwanza, walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan kwa jina la Chifu Hangaya, mbele ya kamera za taifa zima. Kilichokufa moja kwa moja ni usultani wa kutengenezwa, ule uliohitaji karani na faini ili usimame. Kunambi alijaribu kuutumia huo kama ngazi ya kupandia taifani, na haukuweza kuubeba uzito wake.

Hukumu yangu juu yake ni hii. Alikosea kuusoma wakati, na katika siasa kosa hilo halisamehewi. Lakini mtu aliyekuwepo TANU ikizaliwa, kisha akasimama kwa jina lake mwenyewe, akaomba kura kwa amani na akashindwa kwa hesabu ya wazi, hakutenda kosa lolote dhidi ya nchi. Alifanya kile ambacho leo tunakiita haki ya kidemokrasia. Kama Nyerere angepita bila kupingwa, ushindi wake wa 1958 usingekuwa na uzito ule. Tunafundisha watoto wetu majina ya waasisi 17 wa TANU. Tuwafundishe pia mmoja wao alifanya nini miaka minne baadaye, wala tusimwonee aibu.

Ninawaomba watu wa Morogoro jambo moja. Mwenye miaka 21 siku ya kura ile alizaliwa 1937 au kabla yake, na waliokuwa watoto Matombo mwaka 1955 nao sasa ni wazee sana. Kama nyumbani kwenu yupo mmoja wao, kaa naye, muulize kuhusu matuta, kuhusu Sultani, kuhusu kura tatu na kuhusu Kunambi, na uandike anavyosema au umrekodi kwa simu. Kama kuna sanduku lenye kadi ya TANU, stakabadhi za kodi au barua za baraza, usiichome karatasi hata moja. Ipeleke kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, au uiweke mahali pakavu mpaka apatikane wa kuisoma.